Uwazi wa Beringi za Krenki: Kuupima kwa Fedha Ndogo Iyunga

Iyunga ni kata ya jiji la Mbeya iliyo kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, kabla hujateremka Iwambi kuelekea Mbalizi. Viwanda, reli ya TAZARA na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kilichoanza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi Mbeya, vyote viko pande hizi. Mahali kama hapa injini hazikosi kufunguliwa. Lori lililopandisha mlima Kitonga na mzigo wa Lubumbashi, Coaster ya Tukuyu, Corolla ya teksi, trekta la Mbarali: kila moja siku yake ikifika hugonga, na mafundi husema injini imenoki.

Mwenye injini iliyonoki na mfuko mwepesi ana njia mbili. Anaweza kununua injini ya mtumba, ambayo ndani yake hakuna aliyepaona. Au anaweza kuifungua ile aliyonayo, akabadilisha kilichokufa na kubakiza kilicho hai. Makala haya yanahusu njia ya pili, hasa hatua yake inayorukwa kuliko zote: kupima uwazi kati ya krenkshafti na beringi zake. Hatua hiyo ni rahisi kwa bei kuliko karibu kila kitu kingine katika ovahoo, na ikirukwa, gharama ya ringi, gasketi na kusaga krenki inaweza kupotea kwa safari moja ya Chunya.

Uwazi na kazi yake

Krenkshafti ina shingo za aina mbili. Shingo za meini hukaa kwenye bloku. Shingo za konrodi hushikwa na konrodi za pistoni. Kila shingo imevikwa beringi isiyo na gololi, yaani vipande viwili vya nusu duara, kimoja ndani ya bloku au konrodi, kingine ndani ya kofia inayofungwa kwa bolti. Mgongo wa kipande ni chuma. Tumbo lake ni madini laini: ama shaba na risasi iliyopakwa ngozi nyembamba ya risasi na bati, ama aluminiamu yenye bati. Madini laini ya namna hii yana historia ndefu; Mmarekani Isaac Babbitt alipata hataza ya beringi zake mwaka 1839. Ulaini huo ni wa makusudi. Takataka ndogo ikipenya, izame kwenye beringi isiichimbe krenki.

Beringi ikishafungwa, kipenyo chake cha ndani huzidi kidogo kipenyo cha shingo. Tofauti hiyo ndiyo uwazi. Kitabu cha Toyota cha injini ya 4A-FE, iliyokuja na Corolla na Carina nyingi za miaka ya 1990, kinaagiza milimita 0.015 hadi 0.033 kwenye meini, ambazo shingo zake zina kipenyo cha milimita 48, na 0.020 hadi 0.051 kwenye konrodi, zenye shingo za milimita 40. Mwisho wa kuvumilika ni 0.10 kwa meini na 0.08 kwa konrodi. Unywele wa mtu una unene wa kama milimita 0.07, kwa hiyo beringi ya konrodi inayoruhusu unywele kupita imebakiza kidogo sana.

Wako mafundi wanaotumia kanuni ya zamani kwamba uwazi uwe sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo. Kwa shingo ya milimita 48 kanuni hiyo inatoa 0.048, na kwa 4A-FE tayari huo ni uwazi mkubwa kuliko wa kiwandani. Kanuni inafaa kwa injini isiyo na kitabu, kama ya mashine ya kusaga mahindi ambayo hata kibao cha jina kimeng'oka. Penye kitabu, kitabu ndicho kinachosema, na siku hizi vitabu vingi vimo kwenye simu za mafundi vijana.

Kwa nini uwazi uwepo, na kwa nini uwe mdogo hivyo? Jibu lilianza kupatikana Uingereza mwaka 1883, Beauchamp Tower alipokuwa akijaribu beringi za mihimili ya magurudumu ya treni kwa niaba ya chama cha wahandisi mitambo. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke chombo cha kutilia oili, na oili ikapanda juu yenyewe ikamwagika. Akaziba kwa kizibo, kizibo kikaruka. Alipofunga geji, ilisoma zaidi ya pauni 200 kwa inchi ya mraba, wakati mzigo wenyewe ulikuwa wastani wa pauni 100. Mwaka 1886 Osborne Reynolds aliandika hesabu ya jambo hilo: shafti inayozunguka huivuta oili na kuisukumiza kwenye upenyo unaozidi kuwa mwembamba, na oili, ikikosa pa kukimbilia, huinua shafti. Hii ina maana kwamba pampu ya oili haibebi krenki. Pampu inaleta oili tu. Mzunguko ndio unaobeba.

Humo ndimo madhara yote yanamotoka. Uwazi ukiwa mdogo mno, oili haipiti ya kutosha kuondoa joto, beringi inachemka na kung'ang'ania shingo. Uwazi ukiwa mkubwa mno, oili inakimbilia pembeni kabla haijabeba kitu. Na inakimbia kwa kasi isiyotarajiwa, kwa sababu kiasi kinachovuja hufuata uwazi uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu: uwazi ukitoka 0.04 kwenda 0.08, mvujo hauongezeki mara mbili, unaongezeka kama mara nane. Ndiyo maana injini iliyochoka huwasha taa ya oili ikiwa imepata moto na inanguruma taratibu, kisha taa ikazima dereva akikanyaga mafuta. Oili nzito zaidi huificha dalili hiyo kwa miezi kadhaa. Mbeya, ambako alfajiri za Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, oili nzito ya namba moja kama SAE 40 inachelewa kufika kwenye beringi za juu kila asubuhi, na dakika hiyo moja ya ukame ina gharama yake.

Madereva nao wana mchango. Uwezo wa oili kubeba hutegemea mwendo wa mzunguko, kwa hiyo kulazimisha gia kubwa kwenye mlima, injini ikilalama kwa mizunguko michache na mzigo mzima mgongoni, kunaipunguza ngozi ya oili wakati ule ule inapohitajika zaidi. Kitonga inaua beringi za konrodi zaidi kwa gia mbaya kuliko kwa urefu wake.

Kwa nini venia haitoshi

Kifaa cha kupimia kinachopatikana kirahisi kwenye gereji ni venia. Ni chombo kizuri kwa pistoni, kwa bolti, kwa unene wa gasketi. Kwa kazi hii hakifai, na sababu yake inastahili kueleweka, maana ndiyo inayoonyesha njia ya bei nafuu.

Njia ya kawaida ya vitabuni ni kupima vitu viwili vikubwa na kutoa kimoja kwa kingine: kipenyo cha ndani cha beringi iliyofungwa, tuseme 40.03, na kipenyo cha shingo, tuseme 39.99. Jibu ni 0.04. Lakini venia ya kawaida inasoma hatua za 0.02 au 0.05, na mkono wa mtu unaongeza lake. Kosa la 0.03 kwenye kila kipimo linaweza kuligeuza jibu la 0.04 kuwa 0.10 au kuwa chini ya sifuri. Hata maikromita nzuri ya krenki inakutaka uwe na geji ya saa ya kupimia ndani ya tundu, na geji hiyo bei yake inaweza kulipia seti kadhaa za beringi.

Mwenye fedha kidogo basi asihangaike kuvipima vile vikubwa viwili. Aipime ile tofauti yenyewe, moja kwa moja, kwa kitu kinachoingia ndani ya uwazi. Uzi wa nta, karatasi ya fedha, au geji ya saa inayosoma jinsi shafti inavyoinuka: vyote vitatu vinafanya kazi hiyo, na vyote vinashindana na vifaa vya gharama mara vikitumiwa kwa uangalifu.

Soma beringi kuukuu kwanza

Kabla ya kipimo chochote, weka alama. Kila kofia ya meini na ya konrodi ipigwe senta panchi au iandikwe namba yake na upande wake wa mbele, kwa sababu tundu lake lilitobolewa kofia ikiwa imefungwa mahali pake. Kofia ya namba 2 ikihamia namba 3, au ikigeuzwa nyuma mbele, tundu halitakuwa duara tena na vipimo vyote vitakavyofuata ni bure.

Kisha zipange beringi kuukuu mezani kwa mpangilio zilivyotoka. Ngozi ya kijivu iliyochakaa sawasawa ni uzee wa kawaida. Rangi ya shaba ikionekana kwenye nusu ya juu ya beringi ya konrodi, yaani ile inayopokea pigo la moto, ngozi imekwisha na uwazi umepanuka. Mikwaruzo mirefu ya mviringo ni mchanga au chembe za chuma: chujio lilipitwa, au aliyefungua mara ya mwisho hakuosha. Uchakavu wa upande mmoja wa juu na upande wa pili wa chini unasema konrodi imepinda. Beringi ya meini ya katikati iliyolika kuliko za mwisho inaituhumu krenki yenyewe kuwa imepinda, au bloku.

Unene wa beringi unapimika pia kwa hila ndogo. Maikromita ina midomo bapa, na tumbo la beringi limejikunja, kwa hiyo midomo haiwezi kugusa katikati. Weka gololi moja ya baiskeli iliyo safi ndani ya tumbo, pima vyote viwili pamoja, kisha toa kipenyo cha gololi ulichokipima peke yake. Tofauti ya unene kati ya beringi kuukuu na mpya inaonyesha ni kiasi gani cha uchakavu kiko kwenye beringi, na kilichobaki kiko kwenye krenki. Pima katikati ya nusu duara. Karibu na kiungo vipande vingi vimepunguzwa unene kwa makusudi, na anayepima pale atadhani ameuziwa mbovu.

Uzi wa Plastigage

Plastigage ni uzi mwembamba wa nta ya plastiki unaouzwa ndani ya karatasi yenye mistari ya kupimia. Uzi wa kijani hupima 0.025 hadi 0.076, mwekundu 0.051 hadi 0.152, wa bluu 0.102 hadi 0.229. Kwa gari dogo wa kijani ndio wa kutafuta. Kwa dizeli kubwa za malori mwekundu ndio unaofaa. Mbeya haupatikani kila duka, lakini Dar es Salaam upo, na ni mwepesi kutumwa kwa basi.

Kanuni yake haina fumbo. Kipande cha uzi kinawekwa juu ya shingo, kofia inafungwa, uzi unabonyezwa. Uwazi mdogo unaubana uwe mpana. Uwazi mkubwa unauacha mwembamba. Kofia ikifunguliwa, upana wa uzi unalinganishwa na mistari ya karatasi na jibu linasomwa kwa milimita.

Ugumu uko kwenye maandalizi. Shingo na beringi zifutwe zikauke kabisa, maana oili huyeyusha uzi. Mgongo wa beringi na kiti chake navyo viwe vikavu na safi. Chembe moja ya masizi chini ya beringi inaiinua na kudanganya kipimo. Uzi ulazwe kufuata urefu wa shingo, kutoka ukingo hadi ukingo, mbali na tundu la oili. Kofia ifungwe kwa spana ya toki kwa nguvu ile ile ya kitabu, kwa hatua mbili au tatu, na krenki isizungushwe hata nukta. Ikizungushwa, uzi unapakazwa na jibu linapotea.

Hapo kwenye spana ya toki ndipo wengi wanapobania fedha mahali pasipofaa. Beringi hutengenezwa ndefu kidogo kuliko kiti chake ili kofia ikikazwa ncha zake zigandamizane na kuishikilia mgongo mzima kwenye kiti. Ukikaza kwa mkono uliozoea, kofia moja itakaa chini ya nguvu inayotakiwa na nyingine juu yake, na umbo la tundu litabadilika kwa kiasi kinacholingana na uwazi unaoutafuta. Spana ya toki inaazimika. Kopa, kodisha, nenda nayo gereji ya jirani na krenki mkononi, lakini usipime bila hiyo.

Uzi huo pia unasema zaidi ya namba moja. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, shingo imelika kwa mteremko. Pima tena baada ya kuizungusha krenki robo duara, kofia ikiwa imefunguliwa na uzi mpya umewekwa: namba mbili zikitofautiana, shingo si duara tena. Kwa 4A-FE na Toyota nyingi kitabu hakiruhusu mteremko wala uyai unaozidi milimita 0.02. Hapo beringi mpya haziponyi kitu.

Anayepima meini injini ikiwa bado kwenye gari, kwa kulala chini na kuteremsha sampu ya oili, ana mtego mwingine. Krenki inaning'inia juu ya kofia kwa uzito wake, na uwazi wote uko juu ambako uzi haupo. Iinue kwanza kwa jeki ndogo na kipande cha mbao chini ya uzani wa krenki karibu na shingo unayoipima, iegemee beringi ya juu, ndipo uweke uzi chini. Wakati injini iko juu ya stendi na tumbo limeelekea mbinguni, tatizo hili halipo, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kuishusha injini.

Karatasi ya fedha na venia

Plastigage ikikosekana, kuna njia ya mafundi wa matrekta ya zamani: kipande chembamba cha kitu chenye unene unaojulikana, kikiwekwa kati ya beringi na shingo. Zamani kilikuwa karatasi ya shaba nyeupe. Kilichopo kila duka la Mwanjelwa ni karatasi ya fedha ya kufungia chakula.

Unene wa tabaka moja ni mdogo mno kwa venia kuupima, kama milimita 0.015. Lakini hapa venia inaokolewa na hesabu. Kunja karatasi mara nne upate tabaka 16, bana kwa nguvu hewa itoke, pima, gawa kwa 16. Kosa la venia la 0.03 nalo linagawanyika kwa 16 na kubaki chini ya 0.002. Venia ile ile iliyoshindwa kupima uwazi sasa inapima kipimo cha uwazi kwa ubora wa maikromita.

Kata ukanda wa upana wa kama milimita 10, urefu wake mfupi kidogo kuliko upana wa beringi, upake oili, ulaze katikati ya kofia. Funga kwa toki. Jaribu kuzungusha krenki kwa mkono nyuzi chache tu huku na huku, usiizungushe nzima. Ikienda bila kujua kuna kitu, uwazi unazidi unene wa ukanda. Ongeza tabaka la pili, la tatu, mpaka uhisi mkono wake umekuwa mzito. Tabaka zikiwa mbili na krenki bado nyepesi, tatu ikawa nzito, uwazi uko kati ya 0.030 na 0.045, na kwa konrodi za Corolla tuliyoitaja hilo ni jibu zuri. Tabaka sita zikipita bila upinzani, tayari umefika 0.09 na mjadala umekwisha.

Njia hii haitoi namba ya mwisho, inatoa mipaka. Kwa uamuzi wa kufunga au kusaga, mipaka inatosha. Kisichofaa ni waya wa kulehemu wa risasi, ambao wapo wanaoutumia kwa kuiga Plastigage. Hadi uwe mwembamba wa uwazi huo umeshaikandamiza ngozi ya beringi na kuacha shimo.

Joto nalo lina neno. Chuma hurefuka kama sehemu 11.5 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Krenki iliyotoka kwenye mashine ya kusaga ikiwa na nyuzi 25, ikapimwa na kulinganishwa na bloku lililolala kwenye sakafu ya saruji ya Julai likiwa na nyuzi 10, inakuwa nene kwa takriban milimita 0.008 kuliko itakavyokuwa baada ya kupoa. Kati ya 0.015 na 0.033 hiyo ni sehemu kubwa. Vilaze vyote pamoja chumba kimoja usiku kucha, kisha pima. Viwanda vya dunia hupima kwa nyuzi 20. Gereji ya Iyunga haihitaji nyuzi 20, inahitaji kila kitu kiwe na joto moja.

Krenki ikienda kusagwa

Kipimo kikisema shingo imekwisha, krenki inaenda kwa mkerezaji kusagwa, na beringi nene zaidi zinanunuliwa. Saizi za milimita ni 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Kwa injini za inchi kama Perkins ya matrekta ya Massey Ferguson, hesabu ni elfu za inchi: kumi, ishirini, thelathini, arobaini, na kumi za elfu za inchi ni milimita 0.254, karibu na 0.25 lakini si ile ile. Injini nyingine hazina beringi za saizi zote. Nunua beringi kwanza, uzione, uzipime unene, ndipo krenki isagwe kuzifuata. Wanaosaga kwanza hujikuta na krenki ya 0.50 na duka lenye 0.25 peke yake.

Toyota ina jambo jingine la kuangalia kabla ya kununua chochote. Krenki ambayo bado ni ya kiwandani na iko ndani ya vipimo haitoshi kuwekewa beringi yoyote ile ya saizi ya kawaida. Inahitaji ile iliyochaguliwa. Kwenye bloku la 4A-FE kuna namba 1, 2 au 3 kwa kila meini, na kwenye krenki 0, 1 au 2. Zijumlishe: bloku 2 na krenki 1 inataka beringi namba 3. Kati ya namba 1 na 5 tofauti za unene ni ndogo sana, lakini ndizo zinazoamua kama uwazi utakuwa 0.020 au 0.040. Seti ya bei rahisi mara nyingi huja na namba moja kwa zote. Hiyo ndiyo sababu ya kuipima hata beringi mpya iliyotoka kwenye boksi.

Mkerezaji aambiwe mambo mawili waziwazi. La kwanza, kona ya mviringo inayounganisha shingo na bega la krenki isikatwe kuwa kali. Krenki hukatikia hapo, na kona iliyonyooshwa kwa jiwe butu inaanzisha ufa ambao utamalizikia barabarani. La pili, midomo ya matundu ya oili ilainishwe baada ya kusaga. Krenki nyingine zimegandishwa ugumu juu tu, na kusagwa kunaondoa ngozi hiyo. Hizo zikisagwa bila kugandishwa upya, beringi mpya hazidumu.

Kuna dawa mbili za uchochoroni ambazo makala haya hayawezi kuzipita kimya. Ya kwanza ni kupiga faili uso wa kofia ili ishuke na kubana shingo. Tundu linakuwa yai, uwazi unapungua juu na chini na kubaki ule ule pembeni, na bloku limeharibika kwa mafundi wote watakaofuata. Ya pili ni karatasi ya sigara au ya fedha nyuma ya beringi. Karatasi inazuia joto kwenda kwenye bloku na inaharibu mshiko wa mgongo. Injini itanyamaza kwa wiki kadhaa, na anayeiuza hiyo gari katika wiki hizo anajua anachofanya. Msasa laini wa kung'arisha shingo ni halali, alimradi unaondoa mikwaruzo tu. Hautengenezi yai kuwa duara.

Silinda moja

Power tila za mashamba ya mpunga ya Mbarali na mashine nyingi za kukoboa zina dizeli za Kichina za silinda moja za aina ya S195. Beringi za konrodi zake ni vipande viwili na zinapimika kwa uzi au karatasi. Meini ni bushi nzima iliyosukumizwa kwenye bloku na kwenye kifuniko. Hakuna kofia ya kufungua. Hapa tumia geji ya saa yenye mguu wa sumaku. Iegemeze bloku, ncha yake iguse shafti karibu na bushi, kisha inua gurudumu zito kwa ubao mrefu na usome mshale ulikosogea. Mshale unasoma uwazi wenyewe. Inua taratibu, rudia mara kadhaa, na hakikisha unainua shafti usiisukume pembeni. Geji ya saa ya bei ndogo inatosha hapa, kwa kuwa inasoma mwendo mfupi tu.

Geji hiyo hiyo inachunguza krenki iliyopinda ya injini yenye silinda nyingi. Bloku likiwa limepinduliwa, ondoa beringi za meini zilizo ndani yake zote isipokuwa ya kwanza na ya mwisho, laza krenki juu ya hizo mbili zikiwa na oili, ncha iguse shingo ya katikati, zungusha. Mshale unaosogea unasoma mpindo pamoja na uyai wa shingo, kwa hiyo uyai upimwe kwanza.

Kufunga

Baada ya kupima, safisha Plastigage yote kwa kitambaa chenye oili, usiikwangue. Fungua plagi za njia za oili za bloku na krenki, osha kwa dizeli na brashi ndefu, pulizia hewa. Vumbi la jiwe la kusagia linajificha kwenye njia za ndani za krenki na ndilo linalochimba beringi mpya siku ya kwanza. Paka oili shingo zote na matumbo ya beringi. Migongo iachwe mikavu.

Kaza kofia moja moja na uzungushe krenki baada ya kila moja. Ikiwa nyepesi hadi kofia ya tatu na nzito kwenye ya nne, tatizo liko kwenye ya nne, na kulijua sasa ni kazi ya dakika mbili. Mwisho pima mchezo wa krenki kwenda mbele na nyuma: isukume kwa bisibisi kubwa upande mmoja, ingiza filagegi kwenye washa za nusu mwezi. Kwa 4A-FE iwe 0.02 hadi 0.22, na 0.30 ndio mwisho. Krenki inayocheza zaidi ya hapo inasukumwa na klachi kila dereva akikanyaga pedali.

Kabla ya kuwasha, jaza chujio oili, ondoa plagi au kata mafuta ya dizeli, na uizungushe injini kwa stata mpaka taa ya presha izime. Ndipo iwashwe. Saa za mwanzo iende bila mzigo mkubwa, kisha oili na chujio vibadilishwe mapema na chujio kuukuu likatwe wazi. Unga wa kijivu kidogo ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa vya rangi ya shaba ni vya beringi, na injini hiyo isubiri palepale mpaka sampu ifunguliwe tena.